Usukani wa Kushoto

Kangle, Guangzhou
Alasiri, kesho unasafiri

Zuhura mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi, maana bado hujafika mbali. Uko mtaa wa Guangyuan Xilu unawaaga wenzako, na ninavyowajua hamtaagana mapema. Nimekaa kwenye meza ya kukatia kava za siti, mkasi na mabaki ya ngozi bandia nimeyasukuma pembeni, na chini yetu cherehani za majirani zinalia kama siku zote. Sitakuandikia habari za sweta, dawa, wala nani wa kumpigia ukitua. Begi nimelipanga kwa mikono yangu, na wewe si mtoto. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema jana tukiwa tunakula.

Ulisema, "Mama, labda niwaombe chuo waniahirishie mwaka mmoja. Baba Mkubwa atulie kwanza."

Mimi nikainama nikaendelea kumenya chungwa, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali hata chembe. Hasira ilikuwa imenifika kooni, na unanijua, nikifungua mdomo na hasira nasema hadi ya mwaka juzi. Sasa nimetulia, au tuseme nimetulia nusu, na kalamu ninayo. Jibu langu ni hapana. Huahirishi kitu.

Tuanze na Baba Mkubwa, kwa kuwa ndiye anayekunyima usingizi. Shemeji Hamadi si mtu mbaya. Baba yako alipofariki, yeye ndiye aliyepanda ndege akaja hapa kumsindikiza mdogo wake nyumbani, na wewe akakubeba begani uwanja mzima wa ndege ukiwa umelala. Hayo mimi siyasahau na wewe usiyasahau. Lakini safari hii amekosea, tena amekosea mbele za watu.

Ile sauti aliyotuma kwenye kikundi cha familia niliisikiliza nikiwa soko la Zhongda, katikati ya mabunda ya vitambaa. "Mtoto wa kike ameachia nafasi ya ufamasia palepale China alipo mama yake, anavuka bahari kwenda Kansas kujifunza kufufua magari mabovu ya Wamarekani! Hiyo ni kazi au ni laana? Akipanda ndege hiyo, mimi asinihesabu tena kuwa ni baba yake." Shangazi zako wakajaza vikaragosi vya kulia. Mimi nikaweka picha ya gari la Mustang. Uliniomba niifute. Ipo mpaka sasa hivi ninavyokuandikia.

Habari za Mustang umezisikia tangu ukiwa tumboni, lakini nilikuwa nakumegea vipande vitamu tu. Leo nakupa na kile kichungu, kwa sababu umekifikia.

Babu yako, Fundi Mbwana, alikuwa na gereji Tanga, ukitoka mjini kuelekea Pongwe. Lile gari lilikuwa la meneja mmoja Mgiriki wa shamba la mkonge. Alipofungasha kuondoka nchini alimwachia babu yako funguo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine mkoa mzima aliyeweza kuliwasha bila kulitukana. Lilikuwa la buluu, limepauka mgongoni kwa jua. Boneti yake ilikuwa ndefu, ukikata kona pua inafika kwanza, wewe unafuata. Kiti cha nyuma kilifaa kumweka mtu usiyempenda. Silinda nane. Siku hizi mtu wa Dar akitaja V8 anamaanisha yale madubwana meupe ya wakubwa. Basi ujue mama yako alipanda V8 wakati wakubwa wenyewe wanasukuma magari yao asubuhi ili yawake. Babu yako akiliwasha alfajiri, vikombe vya bibi yako viligongana kabatini, na bibi alikuwa akiitika kutoka jikoni, "Tumeshaamka, Mbwana, tumeshaamka!"

Miaka ile petroli ilikuwa ya foleni na kibali, na Jumapili ikigonga saa nane mchana gari la mtu binafsi halitakiwi kuonekana barabarani. Kumiliki gari la namna ile katika nchi ya namna ile kulikuwa sawa na kufuga tembo kwenye nyumba ya kupanga. Babu yako hakujali. Wiki nzima alikusanya mafuta kidogo kidogo, Jumapili asubuhi tukatoka, Muheza au Segera, na kabla ya saa nane tuko nyumbani, gari limefunikwa turubai, wote tunanuka petroli na tunacheka. Watu walimsema sana. Walisema watoto hawana viatu, yeye anawanywesha chuma. Naye alikuwa akiwajibu, "Mimi silewi, sichezi karata, sina mke wa pili. Niachieni kelele zangu." Viatu, kwa kweli, tulikuwa navyo.

Sasa kuna jambo ambalo wewe uliyekulia hapa hulijui. Gari lile lilikuwa na usukani kushoto, na kwetu magari yanapita kushoto. Dereva akiwa nyuma ya lori haoni kitu ila tope la matairi. Akitaka kulipita, lazima aliyekaa kulia amtazamie njia. Kwa hiyo gari la usukani wa kushoto huendeshwa na watu wawili, mmoja ana mikono na mwingine ana macho. Mimi ndiye niliyekuwa macho ya babu yako. Maneno yangu yalikuwa mawili, "subiri" na "ingia". Kaka zangu wote wawili walishajaribiwa wakashindwa. Mmoja kwake kila kitu kilikuwa subiri, mwingine kila kitu ingia.

Siku moja, karibu na Segera, tulikuwa nyuma ya lori la mkonge. Macho yangu yalikuwa barabarani lakini akili ilikuwa kwenye ile raha ya gari linapokanyagwa, mgongo unavyobandikwa kwenye kiti. Nikasema, "Ingia!" Babu yako akaingia bila kuuliza, kama siku zote. Basi lilikuwa linakuja, tena karibu kiasi cha kumwona kondakta amefungua mdomo. Babu yako akakata kulia, tukaivuka barabara yote, tukazama kwenye shamba la mkonge.

Hatukuumia. Rangi ilichanika ubavu mzima na taa moja ilikuwa inaning'inia. Mimi nililia, nikangoja kofi. Babu yako akashuka, akalizunguka gari, akachomoa jani la mkonge lililokwama mbele, akaja dirishani kwangu.

"Hamia kule."

"Wapi, baba?"

"Kwenye usukani. Leo macho ni mimi."

"Baba, si nimetutia mkongeni!"

"Ndiyo maana. Aliyeliona basi kwa karibu hivyo ndiye ninayemtaka aendeshe. Hamia, mama, jua linapanda."

Nilikalia gunia lililokunjwa ili nione mbele. Klachi ilikuwa nzito hata nikiikanyaga najinyanyua kwenye kiti. Gia ya kwanza ilipoingia gari lilitikisika lote, na mimi nikatikisika nalo, na nikasahau kwamba nilikuwa nalia. Mpaka Tanga babu yako hakuongeza neno zaidi ya "subiri" na "ingia", na mimi nilimtii kila neno. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za utoto wangu, na ilianza na kosa langu mwenyewe.

Tulipoingia mtaani mimi nikiwa kwenye usukani, jirani yetu Bi Kombo hakungoja hata tufunike turubai. "Fundi," akasema, "mtoto huyu atamwoa nani?"

"Atakayeharibikiwa na gari," babu yako akamjibu.

Na ikawa hivyohivyo. Baba yako aliharibikiwa na pikapu mbele ya gereji, na aliyetoka uvunguni kuitikia hodi yake nilikuwa mimi, uso mzima grisi. Wiki iliyofuata alikuja tena, anadai injini inagonga. Niliisikiliza sana ile injini. Haikuwa inagonga kitu.

Sasa kile kipande kichungu. Babu yako alipokuwa anaumwa, kabla hajafa, aliniita mbele ya kaka zangu akanikabidhi funguo za Mustang. Hakuna aliyebisha. Wakati huo nilikuwa nimeshaolewa, niko Dar, mke mgeni kwenye nyumba ya wakwe. Nikataja siku moja sebuleni kwamba nataka kwenda Tanga kulichukua gari langu. Shemeji Hamadi akakohoa. "Mke wa nyumba hii, na hilo lidude la kelele? Tutaona." Akaendelea na chai yake.

Tutaona. Neno hilo tu, Zuhura. Hakunikataza. Mimi mwenyewe nikajiambia, niache mwaka mmoja, wakubwa watulie, nikishazoeleka nitalifuata. Nikaahirisha. Kila mtu akanisifu kwa adabu, na mimi nikazifurahia zile sifa.

Mwaka ule ulikwisha ukaja mwingine, na mwingine. Nilipojikusanya kwenda, nilipitia Muheza, anakoishi kaka yangu mkubwa, nimsalimie. Nimeshuka basi, sijafika hata sokoni, nikasimama. Nilisikia ile sauti. Nisingeikosea hata ningekuwa nimelala. Nikaifuata huku nakimbia, baibui nimelikusanya mkononi, nikifikiri nitalikuta limeegeshwa mahali, kaka kanifanyia mshangao. Nikafika nyuma ya maduka nikakuta foleni ya wanawake wenye ndoo. Injini ya babu yako ilikuwa imefungwa kwenye zege ndani ya kibanda, inazungusha mashine ya kusaga mahindi.

Kaka zangu waliona gari limekaa tu, mwenyewe hatokei, hasemi kitu, wakaligawana. Injini ikaenda mashineni, siti zikaenda kwa kinyozi, bodi ikabaki nyuma ya nyumba, kuku wanatagia humo. Siwalaumu sana. Mwenye gari nilikuwa mimi, na sikutokea.

Mwenye mashine alikuwa na majivuno nayo. "Ya Kimarekani hii, mama. Inamaliza debe kabla hatujamaliza salamu." Nikaenda sokoni nikanunua mahindi ambayo sikuwa na haja nayo, nikarudi nikapanga foleni, ili nipate sababu ya kusimama pale na kuisikiliza. Jioni ile nikala ugali uliosagwa na Mustang ya baba yangu. Unga ulikuwa laini sana. Nililia kila tonge, na wifi yangu, mke wa kaka, akadhani namlilia marehemu.

Niliporudi Dar nikamsimulia baba yako. "Mbona hukuniambia unalitaka hivyo?" akasema. "Ningekwenda nawe siku ileile." Unasikia? Hata yeye hakuwa amenizuia. Miaka yote ile nilikuwa namwogopa mtu aliyekohoa. Na mwaka jana, tulipokwenda nyumbani, nilimuuliza shemeji Hamadi kama anaikumbuka ile habari ya Mustang. Alifikiri kidogo, akaniuliza, "Mustang gani?"

Ndiyo maana nasema huahirishi. Unataka kumtuliza mtu ambaye miaka kumi ijayo atakuuliza Kansas gani.

Tangu ugali ule nikawa jeuri, na sijaona sababu ya kupona. Safari yangu ya kwanza ya biashara Dubai, wenzangu walikwenda kwenye mapazia na dhahabu. Mimi nikakata kwenda Sharjah, kwenye yadi za magari yaliyotumika, nikakuta Charger jeusi la zamani, pana hata linajaza njia, taa zake zimefichwa kwa mbele kama limefumba macho. Nikamwambia muuzaji mume wangu anataka kulinunua na amenituma nilijaribu. Uongo mtupu, mume wangu alikuwa Kariakoo anapima vitambaa. Yule bwana akaliangalia baibui langu, akaliangalia tumbo langu, maana nilikuwa nimekubeba wewe, akanipa funguo huku midomo inamcheza kwa dua. Miaka mingi nilikuwa sijapata mtoto, na nyumbani walishasema ni grisi imeniziba. Nikaingia barabara ya jangwani nikakanyaga. Ukapiga teke. Nikakanyaga tena. Kule usukani uko kushoto na barabara ni ya kulia, vinaelewana, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nililipita lori bila kumuuliza mtu. Nilicheka peke yangu hadi machozi. Muuzaji nilimrudishia gari lake zima, nikamwambia mume wangu atafikiria.

Ya Guangzhou uliyaona mwenyewe, ila uliyaona kwa macho ya mtoto mwenye kuona aibu, kwa hiyo ngoja nikusimulie nilivyoyaona mimi. Tulikuwa tumehamia hapa kwa biashara, na baba yako alikuwa ameshatutoka. Nyumbani walinitaka nifunge biashara nirudi nikae eda yangu na maisha yangu kwenye chumba cha nyuma. Eda nilikaa, humu humu Kangle, na ilipokwisha nikarudi Zhongda kununua vitambaa vya siti. Leo mabasi mangapi ya kwetu abiria wamekalia mshono wa nyumba hii, wala hawajui.

Ndipo akaja yule laoban Liang, bosi mwenye studio ya picha za harusi kwenye kiwanda kilichokufa kando ya mto. Pambo lake kubwa ni Camaro la rangi ya chungwa, ambalo sheria ya hapa hairuhusu likanyage barabara. Maharusi wanaliegemea, wanapigwa picha, basi. Alitaka siti zishonwe upya kwa kitambaa kilekile cha asili, vile vijipande vyeusi na vyeupe vyenye meno. Nilizunguka Zhongda nzima, kila duka "meiyou, meiyou", hamna, hamna, hadi nikakipata kwa mama mmoja anayewauzia washona makoti. Liang akafurahi, akauliza bei ya kazi. Nikakuambia umtafsirie kwamba bei sitaki, nataka kuliendesha.

"Mama, usiniaibishe," ukasema kwa Kiswahili, huku unamtabasamia Liang.

"Tafsiri."

Ukatafsiri, macho chini. "Bu xing, bu xing!" akasema, haiwezekani kabisa, injini ilikufa zamani, gari ni la picha tu. Nikasema nitaifufua, tena humu humu uani, na nje ya geti halitoki. Akacheka, akasema ukiweza, endesha.

Jumapili ya kwanza ulikuja na kitabu chako cha kemia ukakaa juu ya ndoo, umenipa mgongo. Jumapili iliyofuata ulinishikia tochi. Tulifungua kabureta, tukasafisha mirija, tukabadilisha plagi, tukavuta mafuta yaliyooza tangini. Sikumbuki ni lini hasa, lakini ilifika Jumapili nikagundua kwamba anayeshika tochi ni mimi.

Siku lilipowaka, bibi harusi aliyekuwa anapigwa picha aliangusha maua. Liang alishika kichwa kwa mikono miwili, halafu akacheka mpaka akakaa chini kwenye lami. Nililizungusha uani nikaona inatosha, nikakuambia uhamie kwenye usukani. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulivunja pipa la maua, gari likazima, na kabla sijafungua mdomo ulikuwa umeshaliwasha tena. Kwenye treni ya kurudi, mikono yako myeusi hadi kwenye viwiko, watu wametuachia nafasi pande zote, ukaniuliza, "Mama, haya magari watu wanajifunzia wapi?" Sauti ile sijaisikia siku yoyote ulipokuwa unazungumzia ufamasia. Chuo ulikitafuta mwenyewe, barua ukawaandikia mwenyewe, picha za Camaro ukapiga mwenyewe. Mimi nilishona siti tu.

Sasa watu watakuambia magari haya hayafai. Yanakunywa mafuta, yanapiga kelele, hayakati kona, na breki zake zinataka umtaje Mungu mapema. Yote ni kweli. Hapa mjini magari ya umeme yanapita ubavuni mwetu kimya hata yanatushtua, nami nayapanda na kulipa na kushukuru. Lakini sijawahi kusikia vikombe vikigongana kabatini kwa ajili ya gari la umeme. Napenda nilichokipenda, na sidaiwi sababu na mtu. Na wewe usijichoshe kutafuta sababu ya kumpa kila shangazi. Wakisema umefuata ukaidi wa mama yako, waambie ndiyo, na kwamba nilikupa kwa hiari.

Huko uendako utakuwa msichana peke yako mwenye hijabu kwenye karakana ya vijana waliozaliwa na mafuta ya gari miguuni. Jina lako wataliua. Watakupa ufagio kwanza. Fagia, kisha fungua boneti. Utakosea, Zuhura, tena utaharibu kitu ambacho spea yake haipatikani, na utatamani ardhi ipasuke. Mimi nimekosea kwa kusema "ingia" na nimekosea kwa kusema "subiri". Lile la kwanza lilinigharimu taa moja na rangi ya ubavuni. La pili lilinigharimu gari zima. Ningepewa kuchagua, ningelirudia lile la kwanza kila Jumapili.

Usinielewe vibaya, sikusukumi kwa sababu nataka uende ukanitafutie Mustang yangu. Niliogopa sana hilo, nikajiuliza hadi nikajichoka. Ungetaka ufamasia kwa sauti ile ya kwenye treni, ningekuwa nimekununulia koti jeupe na kugombana na yeyote anayetaka ujifunze magari. Ningenung'unika, lakini ningegombana.

Na sasa nikuambie nilichofanya leo. Ulipotoka tu, nilimpigia Baba Mkubwa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umezungumza na mtoto?"

"Nimezungumza naye. Anaondoka kesho."

"Nilisema sitaki."

"Nilikusikia, shemeji. Ukoo mzima ulikusikia."

"Kwa hiyo wewe Mwanaidi unanivunjia neno langu?"

"Ndiyo, shemeji. Kwa heshima zote, nalivunja."

Miaka thelathini naifahamu familia ile, na sikuwahi kumjibu hivyo. Nikasikia televisheni ya kwao, nikasikia mtu anaitwa kunywa chai. Kisha akakohoa, na safari hii nilingoja amalize.

"Huko Kansas," akasema, "kuna msikiti?"

"Upo."

"Baridi yake ikoje?"

"Kali."

"Mimi sijakubali."

"Najua, shemeji."

"Mwambie avae soksi mbili mbili. Lakini sijakubali." Akakata simu.

Kwa hiyo elewa tulipo. Hajakubali, na huenda asikubali mpaka anaingia kaburini. Hutapata baraka zake uwanja wa ndege. Utaondoka akiwa amenuna, na utaishi, na yeye ataishi, na siku moja atakuuliza gari lako la kujifunzia lina silinda ngapi. Au hatauliza. Yote mawili tutayabeba.

Nakujua lakini. Nimekuzaa, najua unavyofikiri ukiwa kwenye foleni, na kesho pale mbele ya wakaguzi, viatu mkononi, utaanza tena kufikiri kwamba mwaka mmoja si kitu, kwamba chumba chako kipo, kwamba mama atafurahi kimoyomoyo. Ni kweli ningefurahi. Ningepika pilau, ningeimba. Ndiyo maana sijiamini, na nikafanya jambo la pili.

Wale dada wawili washonaji wa ghorofa ya chini walikuwa wanatafuta kitanda. Walipanda mchana huu wakakifungua skrubu kwa skrubu, wakashuka nacho, na godoro, na kabati lako la nguo. Kesho alasiri wapagazi wanaleta ngozi bandia kutoka Zhongda, mzigo wa kontena zima, na nimewaambia waupange chumbani kwako kuanzia sakafuni hadi darini, mlango ufungwe kwa shida. Ukirudi sasa hivi utaona chumba kitupu, utapiga kelele, utaniita mwanamke katili. Piga tu. Usiku wa leo utalala kwangu, mgongo wako kwenye tumbo langu kama ulipokuwa mdogo, na nitalia, na hutanisikia kwa sababu nimezoea.

Kuanzia kesho huna kitanda Guangzhou.

Mama yako,
Mwanaidi binti Mbwana